Kumtenga mtawala wa mabavu au kukaa naye mezani: Amin, Buyoya na Nkurunziza wakilinganishwa

Serikali ikipinduliwa nchi jirani, au rais aking'ang'ania kiti baada ya muda wake kwisha, majirani huwa na siku chache tu za kuamua. Wamtambue au wasimtambue? Wafunge mpaka au waache malori yapite? Wamwalike mkutanoni au kiti chake kibaki kitupu? Nchi za Maziwa Makuu zimeshajaribu njia zote mbili, tena zaidi ya mara moja. Hapa tunawalinganisha watawala watatu: Idi Amin wa Uganda (1971–1979), Pierre Buyoya wa Burundi kuanzia mapinduzi yake ya pili ya 1996, na Pierre Nkurunziza baada ya 2015. Burundi ya 1996 itachukua nafasi kubwa kuliko wengine, kwa sababu ndiko majirani walikoshika rungu la vikwazo na meza ya mazungumzo kwa wakati mmoja, na unaweza kuona kila kimoja kilifanya nini.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kumtenga mtawala kunafanya kazi pale tu wanaomtenga ndio walioshika barabara yake, reli yake na mafuta yake, na pale ambapo ameandikiwa wazi afanye nini ili afunguliwe. Likikosekana mojawapo, vikwazo humuumiza mkulima na kumtajirisha mlanguzi. Mazungumzo nayo, yakiwa ya bure, humpa mtawala muda na picha za magazetini.

Buyoya, 1996: majirani walipofunga milango yote

Tarehe 25 Julai 1996, nchi ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la Burundi lilimwondoa Rais Sylvestre Ntibantunganya, ambaye tayari alikuwa amekimbilia kwenye makazi ya balozi wa Marekani mjini Bujumbura, na Buyoya akarudi madarakani. Siku sita baadaye, tarehe 31 Julai, viongozi wa kanda walikutana Arusha, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi, wakatangaza vikwazo vya uchumi. Amri hiyo haikutoka Umoja wa Mataifa wala Ulaya. Ilitoka kwa kanda, na walioitekeleza ni wenye milango: Tanzania yenye bandari ya Dar es Salaam, reli ya kati na bandari ya Kigoma, Kenya yenye Mombasa, Uganda na Rwanda ambako malori ya njia ya kaskazini hupita, Zaire (sasa Kongo) ng'ambo ya ziwa, Zambia yenye bandari ya Mpulungu kusini mwa Ziwa Tanganyika, na Ethiopia.

Burundi haina bahari wala kisima cha mafuta. Kahawa ndiyo iliyokuwa ikileta sehemu kubwa ya fedha za kigeni, na chai ikifuata. Kwa hiyo tangazo la Arusha lilibana pande mbili kwa pamoja: kahawa isitoke, petroli isiingie. Ndege za abiria nazo zikasimama. Hakuna nchi ya mbali ambayo ingeweza kufanya hivyo kwa siku chache namna ile.

Masharti yalikuwa matatu: Bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe tena, na mazungumzo yaanze bila masharti na pande zote, pamoja na wenye silaha. Hapa kanda ilifanya jambo sahihi. Masharti yalikuwa machache, na kila moja lilikuwa ndani ya uwezo wa mtu aliyeambiwa. Mawili ya kwanza Buyoya aliyatekeleza Septemba mwaka huohuo, hata kama Bunge lililorudishwa lilikuwa limepungukiwa na wabunge waliouawa au kukimbia nchi.

Kosa lilikuja baada ya hapo. Aliyetimiza masharti mawili kati ya matatu hakulegezewa chochote hadi Aprili 1997, wakuu wa kanda waliporuhusu chakula, dawa, vifaa vya shule, vifaa vya ujenzi na pembejeo za kilimo. Wakati huo serikali ya Bujumbura ilikuwa imeshapata hoja ya kuwaambia wananchi wake, kwamba kila ikipiga hatua kanda inasogeza mstari. Anayepanga vikwazo leo aandike mapema kila sharti litafungua kitu gani. Bunge likirudi, ndege ziruke. Vyama vikifunguliwa, pembejeo zipite. Mazungumzo yakianza, mafuta yaruhusiwe. Jambo hili ni la kukaa na kalamu kwa saa chache tu, na kutolifanya kulikula miezi.

Kosa la pili lilikuwa misamaha. Misaada ya kibinadamu iliruhusiwa kwa maneno tangu mwanzo, lakini mashirika yalilazimika kuomba kibali na kukisubiri. Ukiruhusu chanjo bila kuruhusu mafuta ya taa ya jokofu linaloihifadhi kwenye zahanati isiyo na umeme, umeruhusu chanjo iharibike. Ukiruhusu mbegu za maharage baada ya mvua za kwanza, umeruhusu mbegu ambazo hazitapandwa msimu huo. Orodha ya misamaha iandikwe na watu wanaojua zahanati na shamba vinavyoendeshwa, na itoke siku moja na tangazo la vikwazo, sio baadaye.

Kosa la tatu lilikuwa mipaka inayovuja. Petroli iliendelea kuingia kupitia Rwanda na mashariki mwa Zaire, na kahawa ikatokea hukohuko. Magendo ya kiwango hicho hayafanywi na mtu mwenye baiskeli na dumu la lita 20. Yanahitaji malori, ulinzi njiani na afisa wa forodha anayeangalia pembeni, na wenye vitu hivyo ni walio karibu na jeshi na ikulu. Vikwazo vilivyokusudiwa kuwabana vikawapa biashara mpya yenye faida kubwa kuliko ile ya zamani. Wakati huohuo bei ya mafuta ilipanda, nauli ikapanda, na mkulima aliye kilimani akalipa zaidi kwa chumvi na sabuni huku kahawa yake ikikosa mnunuzi wa bei nzuri. Inauma kuyaandika haya, kwa sababu waliokuwa wakilipa ndio walewale waliokuwa wakizikana vijijini.

La nne halizungumzwi sana, na kwa maoni yetu ndilo lililochelewesha mambo zaidi. Aliyeshika rungu ndiye aliyeandaa meza. Tanzania ilikuwa kinara wa vikwazo na mwenyeji wa wakimbizi wa Kirundi. Mwalimu alikuwa msuluhishi na wakati huohuo sauti kuu ya kanda. Mazungumzo yalipopangwa kufanyika Arusha Agosti 1997, serikali ya Buyoya ilikataa kwenda, ikilalamikia vikwazo na kuhoji kama msuluhishi hana upande. Ajabu ni kwamba serikali hiyohiyo ilikuwa imeshakaa kwa siri mjini Roma na CNDD, kundi la waasi waliokuwa wakipigana na jeshi lake, chini ya jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Kukutana na adui zake halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa chumba na mwenye chumba.

Meza ya Arusha ilifunguliwa Juni 1998, na vikwazo vikasitishwa tarehe 23 Januari 1999. Kazi iligawiwa kamati tano: asili ya mgogoro, demokrasia na utawala bora, amani na usalama, ujenzi mpya wa nchi, na dhamana ya utekelezaji. Wajumbe walitoka pande 19: serikali, Bunge na vyama 17. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na matunda yake yanahesabika: viti vya Bunge asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, na jeshi nusu kwa nusu.

Hata hivyo bunduki hazikunyamaza, kwa sababu makundi ya waasi yaliyokuwa yakipigana msituni, CNDD-FDD (FDD) na Palipehutu-FNL (FNL), hayakuwa mezani. Asiyekuwepo na lake halipo, na wao walilitafuta lao kwa silaha kwa miaka mingine. FDD walikubaliana kikamilifu na serikali Novemba 2003, FNL Septemba 2006. Ukiamua kuzungumza, uliza kwanza nani ana bunduki na kama amealikwa. Chama chenye ofisi mjini na wanachama wachache kinaweza kusubiri kikao cha pili.

Je, vikwazo ndivyo vilivyomleta Buyoya mezani? Kwa sehemu, ndiyo. Vita vilikuwa vinamchosha, wafadhili walikuwa wamekata misaada, na kanda ilikuwa imemnyima njia. Lakini tazama kilichotokea baada ya vikwazo kusitishwa. Septemba 1999 serikali iliwakusanya kwa nguvu wakazi wapatao 300,000 wa viunga vya Bujumbura kwenye kambi, wengi wao Wahutu. Mwalimu alifariki Oktoba mwaka huo, na Nelson Mandela akachukua usuluhishi Desemba. Mandela hakuomba vikwazo virudi. Alizisema kambi hizo hadharani kwa maneno makali, akadai zivunjwe, na alipofika Bujumbura akaenda hadi gereza la Mpimba kuwaona wafungwa. Juni 2000 Buyoya aliahidi kuzifunga, na katika miezi iliyofuata watu wakaanza kurudi makwao. Huko ndiko kuzungumza kwa bei, yaani kwa kudai kitu: dai moja, linaloonekana kwa macho, linalorudiwa kila kikao, na msuluhishi asiyekubali kupigwa picha ikulu tu kisha akaondoka.

Amin: kumtenga nusu nusu

Amin alipompindua Rais Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Mwalimu alikataa kumtambua na akampa Obote hifadhi. Kwa upande wa haki, msimamo ule ulikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Lakini Tanzania ilikuwa karibu peke yake, na gharama ilikuwa kubwa: mamlaka ya marais watatu, kikao cha juu kabisa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, haikukutana tena, na Jumuiya ikavunjika 1977. Ukimtenga mwenzako ndani ya chombo kinachotaka wote wakubaliane, chombo chenyewe ndicho kinachokufa. Anayepanga jambo kama hilo leo aangalie kwanza mkataba wa chombo husika: je, vikao vinaweza kuendelea mmoja akiwa hayupo?

Wakati huohuo Amin alikuwa na milango mingi. Mombasa ilikuwa wazi muda mwingi. Libya na Saudi Arabia zilimpa fedha, Muungano wa Kisovyeti ukamuuzia silaha. Julai 1975 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikwenda Kampala na kumfanya mwenyekiti wao, ingawa Tanzania, Zambia na Botswana zilisusa. Amin hakudaiwa chochote kwa heshima ile. Hakutakiwa kuachia wafungwa wala kuahidi uchaguzi. Miezi 19 baadaye, Februari 1977, Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda, Janani Luwum, aliuawa mikononi mwa watu wake. Tukitafuta mfano wa kuzungumza na mtawala bila bei, hatuhitaji kwenda mbali zaidi ya mkutano ule.

Lililomgusa mfukoni lilikuja mwisho kabisa. Kahawa ilikuwa imebaki kuwa karibu zao pekee la Uganda la kuuza nje, na wanunuzi wa Marekani walichukua takriban theluthi moja. Baridi kali ya Brazil ya Julai 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, kwa hiyo miaka ambayo dunia ilikuwa inamlaani kwa sauti ndiyo miaka aliyopata fedha nyingi. Ndege zilitoka Entebbe na kahawa hadi Stansted, Uingereza, zikarudi na wiski, redio na bidhaa za anasa za kuwaridhisha maafisa wa jeshi. Uingereza ilikuwa imevunja uhusiano wa kibalozi Julai 1976, lakini ndege hizo ziliendelea kutua. Bunge la Marekani lilipiga marufuku kahawa ya Uganda Oktoba 1978, na mwisho wa mwezi huohuo Amin akavamia Kagera. Kilichomwondoa ni vita: Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, kwa gharama ambayo uchumi wa Tanzania uliibeba kwa miaka.

Kwa anayelinganisha, jambo kubwa hapa ni kwamba kufunga ubalozi na kufunga fedha ni vitu viwili tofauti. La kwanza huonekana kwenye taarifa ya habari. La pili huonekana kambini, siku ya mshahara.

Nkurunziza: vikwazo kutoka mbali, mazungumzo kutoka karibu

Mwaka 2015 mambo yaligeuka. Nkurunziza alitangaza Aprili kugombea muhula wa tatu, jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei likafeli akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imefufuliwa, na zaidi ya watu 400,000 wakakimbia nchi, wengi wakija kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli mkoani Kigoma. Safari hii majirani hawakufunga chochote. Walioweka vikwazo ni Ulaya na Marekani, kwa watu wachache waliotajwa kwa majina: mali zao zizuiwe na wasipewe viza. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisitisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali.

Vikwazo vya majina vina sifa yake: havimnyimi mkulima mbolea. Lakini afisa ambaye mali yake iko Bujumbura na watoto wake wanasoma jirani hashtuki sana akinyimwa viza ya Paris. Na pengo la misaada lilijazwa kutoka chini: kodi mpya, na mwishoni mwa 2017 michango ya uchaguzi iliyoitwa ya hiari, huku Imbonerakure, umoja wa vijana wa chama tawala, wakikusanya nyumba hadi nyumba.

Palipouma kweli ni sehemu moja. Burundi ilikuwa na wanajeshi zaidi ya 5,000 Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na posho zao zililipwa na Umoja wa Ulaya kupitia serikali, ambayo ilikata sehemu yake. Ulaya ilipokataa fedha kupita mikononi mwa serikali, Bujumbura ilitishia Januari 2017 kuwaondoa askari wake. Mwezi uliofuata ikapatikana njia ya kulipa kupitia benki ya biashara. Kelele zile zilionyesha wazi mshipa ulipo. Tunaamini ulipaswa kutumiwa kudai jambo la kisiasa, kama vile kuachiwa wafungwa au kufunguliwa redio zilizofungwa, badala ya kuishia kwenye suala la akaunti.

Umoja wa Afrika ulitishia Desemba 2015 kupeleka askari 5,000. Nkurunziza akasema watahesabiwa kuwa wavamizi, na mwishoni mwa Januari 2016 wakuu wa nchi wakarudi nyuma. Ni afadhali usitishie kabisa, kwa sababu tishio lililorudishwa mfukoni linamfundisha mtawala kwamba na linalofuata litarudi.

Mazungumzo ya Jumuiya, Museveni akiwa msuluhishi na Rais mstaafu Mkapa akiwa mwezeshaji tangu Machi 2016, yalikosa kitu cha kumbana yeyote. Serikali ilichagua ihudhurie kikao kipi na ikae na nani. Awamu ya Oktoba 2018 Arusha haikuhudhuria kabisa, na hakuna mpaka uliofungwa wala lori lililosimamishwa kwa sababu hiyo. Nkurunziza alifariki Juni 2020, Évariste Ndayishimiye akaapishwa mwezi huohuo, Marekani ikaondoa vikwazo vyake Novemba 2021, na Ulaya ikarudisha misaada Februari 2022.

Kabla ya kuchagua, pata majibu haya

Nani analipa askari wake, na kwa fedha gani? Andika chanzo kimoja kimoja: zao la kuuza nje, kodi ya bia na mafuta, misaada, posho za kulinda amani, mkopo wa nchi rafiki. Kama hakuna chanzo hata kimoja kinachopita mikononi mwako, kumtenga kwako ni taarifa kwa vyombo vya habari tu. Chagua mazungumzo, na utafute nani mwingine ameshika chanzo hicho umlete upande wako.

Milango mingapi ina mwenye nia tofauti? Jirani mmoja asiyekubali anatosha kuvunja kila kitu kwa nchi isiyo na bahari. Usitangaze kabla hujakaa naye na kujua atapoteza nini akifunga, na nani atamfidia. Mapato ya reli na bandari ni hasara halisi. Yakipuuzwa mwanzoni, ndiyo yatakayofungua mlango miezi michache baadaye.

Mtawala anaweza kufanya unachodai na akabaki hai? Ukimwambia Buyoya arudishe Bunge, anaweza. Ukimwambia mtu ajipeleke mwenyewe gerezani, umemwambia apigane. Hili halina maana kwamba haki ya waliouawa iachwe. Maana yake ni kwamba iwe na njia yake, mahakama yake na kalenda yake, isiwe sharti la kufungua bandari.

Ukichagua kumtenga, tenganisha mwenye rungu na mwenye meza tangu siku ya kwanza: nchi zinazofunga mipaka zisiwe ndizo zinazoandaa kikao. Wekeni tarehe ya ukomo. Vikwazo vya Umoja wa Ulaya kwa kawaida hupewa mwaka mmoja, na vikitakiwa kuendelea lazima nchi zote zikubali upya. Utaratibu huo unalazimisha kila mwaka swali la kama vimefanya kazi yoyote.

Ukichagua kuzungumza, panga ngazi. Anza na mabalozi na maafisa wa ulinzi, mawaziri baadaye, rais mwisho kabisa na kwa kitu kilichokwisha kutekelezwa. Kikao kifanyike nchi ya tatu, na anayekwenda kwenye mji mkuu wake apange ratiba yenye saa za kuonana na wapinzani, viongozi wa dini na wafungwa, na ratiba hiyo itangazwe kabla ndege haijaruka. Akikataa kipengele kimoja, safari iahirishwe na sababu itajwe. Dai liwe moja kwa kila duru, lenye tarehe, na atajwe kwa cheo mtu atakayekwenda kuhakiki: nani atahesabu waliotoka gerezani, nani atasikiliza kama redio iko hewani.

Na kwa njia yoyote kati ya hizi mbili, wakimbizi wasiwe sarafu. Julai 2017, mazungumzo yakiwa yamekwama, marais wa Tanzania na Burundi walikutana Ngara na kuwahimiza wakimbizi warudi nyumbani, wakati sababu zilizowafanya wakimbie hazijaondoka. Nchi mwenyeji ikishaanza kusema nchi ya jirani ni salama ili imfurahishe mtawala wake, imejinyima hoja yake yenye nguvu kuliko zote, ambayo ni wale watu wenyewe walioko kambini.